Kuunganisha Monita Mbili au Zaidi kwenye Kompyuta Tegemezi: Mwongozo kwa Ofisi za Moshi

Katika ofisi za Moshi zinazohudumia wapanda mlima, mhudumu anayeshughulikia nafasi za wageni huhitaji kuona vitu viwili kwa wakati mmoja: orodha ya wageni yenye majina na namba za pasipoti, na fomu ya kuwaombea vitanda katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo kwenye njia ya Marangu. Mwenye skrini moja hulazimika kufunika dirisha moja ili afungue jingine, huku namba ya pasipoti akiibeba kichwani, na hapo ndipo tarakimu mbili hubadilishana nafasi na mgeni akafika getini na namba isiyolingana na kibali chake. Monita ya pili huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo, na naamini kila mtu ambaye kazi yake ni kunakili taarifa za watu wengine anastahili kuwekewa.

Kazi huhitaji uangalifu zaidi pale ofisi inapotumia kompyuta tegemezi, yaani vile visanduku vidogo ambavyo mafundi huviita thini klayenti. Kisanduku cha aina hiyo hakifanyi kazi nyingi chenyewe. Huonyesha picha inayotoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu, na kuirudishia seva mibonyezo ya kibodi na mienendo ya kipanya. Kwa sababu hiyo monita huhesabiwa mara tatu: kwanza na chipu ya picha iliyo ndani ya kisanduku, pili na mfumo endeshi wa kisanduku hicho, na tatu na kipindi cha kazi kinachofunguliwa kwenye seva. Hesabu ya tatu ikisema moja ilhali mbili za mwanzo zimesema mbili, monita ya pili itawaka vizuri lakini itabaki tupu, na mwenye ofisi ataambiwa anunue kebo nyingine asiyoihitaji. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa hesabu hizo, na ni muhimu kila hesabu ithibitishwe kabla ya kwenda kwenye inayofuata.

Hatua ya kwanza: kusoma kibandiko kabla ya kununua chochote

Geuza kisanduku, usome jina na namba ya toleo kwenye kibandiko, kisha utafute karatasi ya sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukinunua kisanduku cha mtumba, fanya hivyo ukiwa bado dukani. Unatafuta maelezo mawili: idadi ya monita zinazoweza kuwaka kwa pamoja, na rezolusheni ya juu (wingi wa pikseli, yaani vidoadoa vinavyounda picha) ambayo kila poti (tundu la kebo) inaweza kutoa wakati monita zote zimewaka. Usitegemee kuhesabu matundu peke yake, kwa kuwa baadhi ya visanduku vina poti mbili zinazochangia njia moja ya picha, na ukitumia moja nyingine hunyamaza.

Tofauti baina ya matoleo ni kubwa. Wyse 3040, kwa mfano, ina poti mbili za DisplayPort na hukubali monita mbili. Visanduku vya PCoIP (itifaki ya kutuma picha ya eneokazi kupitia mtandao) vyenye chipu ya TERA2321 hukubali monita mbili, ilhali vyenye TERA2140 hukubali nne. Anayetaka monita tatu akanunua kisanduku cha mbili kwa matumaini ya kuongeza adapta baadaye atakuwa amejifunga, kwa sababu adapta ya kawaida ya kebo hubadilisha umbo la mawimbi lakini haiongezi hesabu ya chipu.

Ukiwa bado kwenye hatua hii, fungua BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi ya kisanduku) uangalie kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kazi) kilichotengwa kwa ajili ya picha, kwa kuwa visanduku vingi havina kumbukumbu ya pekee kwa kazi hiyo na huazima kutoka kwenye RAM ya kawaida. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kwa baiti 4 kila pikseli, picha moja huchukua takriban MB 8.3. Hicho ni kiasi kidogo, lakini mfumo hutunza nakala kadhaa za picha pamoja na madirisha yaliyofichwa, hivyo kisanduku kilichotengewa MB 32 huweza kukataa rezolusheni kamili kwenye monita ya pili. Pandisha hadi MB 128 au 256 endapo RAM inatosha.

Hatua ya pili: poti, kebo na adapta

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo maelezo yake ni marefu.

Monita za mtumba nyingi zina poti za zamani za VGA au DVI, ilhali visanduku vya miaka ya karibuni huwa na DisplayPort au HDMI. Njia bora ni kununua monita zenye poti ileile iliyo kwenye kisanduku, ili kebo iende moja kwa moja bila kitu cha katikati. Pale ambapo haiwezekani, adapta itahitajika, na jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba adapta huwa na upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Adapta ya kutoa picha kwenye DisplayPort ya kompyuta kwenda kwenye HDMI ya monita haifanyi kazi ikigeuzwa, hata kama vichwa vyake vinaingia vizuri kila upande. Ukiwa dukani, taja kwanza poti ya kompyuta, kisha poti ya monita.

Jambo la pili ni aina ya adapta. Iwapo poti ya DisplayPort ina alama ya DP++, chipu yenyewe inaweza kubadili mawimbi yake yakawa ya HDMI au DVI, na adapta rahisi isiyo na chipu ndani inatosha. Isipokuwa na alama hiyo, itahitajika adapta yenye chipu. Kwenda VGA ni lazima iwe na chipu wakati wote, kwa sababu mawimbi ya kidijitali hayana budi kugeuzwa kuwa ya analogi. Njia ya kutoka HDMI ya kisanduku kwenda DisplayPort ya monita nayo inataka adapta yenye chipu, na mara nyingi yenye waya wa ziada wa umeme wa USB. Ni ghali kuliko nyingine, na kwa maoni yangu ni afadhali kubadilisha monita.

Poti ya DVI huwa na sura mbili zinazochanganya watu. DVI-I ina pini nne kuzunguka ule mstari bapa, nazo hubeba mawimbi ya analogi, kwa hiyo kichwa kidogo cha kugeuzia kwenda VGA hufanya kazi. DVI-D haina pini hizo, na kichwa hicho hakitatoa picha yoyote. Tazama poti kwa tochi ya simu kabla ya kununua.

Kebo za VGA zinahitaji neno la peke yake. Monita hujitambulisha kwa kompyuta kwa kutuma taarifa fupi zinazoitwa EDID, ambamo hutajwa rezolusheni ambazo monita inazikubali. Kwenye VGA taarifa hizo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15 kati ya pini 15 za kebo. Kebo za bei ya chini huweza kukosa mojawapo ya pini hizo, na matokeo yake picha inaonekana lakini kompyuta haijui ni monita ya aina gani, ikabaki kwenye pikseli 1024 kwa 768 na herufi zikavimba. Ukiona hali hiyo, badilisha kebo kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Usinunue kigawanyaji cha kebo moja kuingia na mbili kutoka ukidhani utapata skrini mbili. Kifaa hicho hurudia picha ileile kwenye monita zote, na kinafaa kwa darasa au ukumbi wa mikutano, si kwa mhudumu anayetaka madirisha tofauti. Kitu kinachofanana nacho kwa sura lakini si kwa kazi ni kitovu cha MST, ambacho hutumia uwezo ulioingizwa kwenye DisplayPort 1.2 mwaka 2010 wa kupitisha picha kadhaa tofauti ndani ya kebo moja. Baadhi ya monita zina poti ya DisplayPort ya kutokea, na zinaweza kufungwa kwa mnyororo: kisanduku hadi monita ya kwanza, monita ya kwanza hadi ya pili. Mnyororo hutaka mipangilio ya MST iwashwe kwenye menyu ya monita ya kwanza, na bado hauvuki ile idadi iliyotajwa kwenye karatasi ya sifa.

Zipo pia adapta za kuchomeka kwenye USB, nyingi zikitumia teknolojia ya DisplayLink. Kwenye kompyuta za kawaida zinafaa sana, lakini zinahitaji draiva (programu ya kuendeshea kifaa), na mfumo endeshi wa kompyuta tegemezi mara nyingi umefungwa usikubali programu nyingine. Hakikisha draiva ipo kwa mfumo huo ndipo ulipe.

Kwa kebo za urefu wa kawaida wa mezani, viwango vya zamani vinatosha. DVI ya njia moja hufikia pikseli 1920 kwa 1200 kwa mipigo 60 kwa sekunde, yaani mara ambazo picha huchorwa upya. Ukitaka monita ya 4K, HDMI 1.4 itaishia mipigo 30 na kipanya kitaonekana kikiburuta, kwa hiyo tumia DisplayPort 1.2 au HDMI 2.0, ambazo hufika 60.

Hatua ya tatu: meza na umeme

Funga kisanduku nyuma ya monita moja kwa kibebeo cha VESA, ambacho mashimo yake huwa na umbali wa milimita 75 au 100. Visanduku vingi havina feni na hutegemea hewa kupita kwenye matundu yake, kwa hiyo visibanwe ukutani wala kufunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi wakati vinafanya kazi, hasa Moshi mwezi Januari na Februari ambapo joto la mchana ni kali kuliko la Arusha.

Chomeka kisanduku na monita zake zote kwenye ekstensheni moja, ili umeme ukikatika na kurudi viwake pamoja. Baadhi ya visanduku hutafuta monita wakati wa kuwaka tu, na monita iliyochelewa huhesabiwa kuwa haipo. Kama fedha za UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ni chache, anza na seva na swichi ya mtandao. Kazi ya mhudumu imo ndani ya seva. Kisanduku kikizimika ghafla, kipindi chake kinaendelea kuwepo kikimsubiri, lakini seva ikizimika vipindi vya wote hupotea.

Hatua ya nne: kuzihesabu monita ndani ya kisanduku

Usifungue kipindi cha seva bado. Ingia kwenye kisanduku chenyewe kwa akaunti ya msimamizi, ufungue mipangilio ya skrini. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kupanua badala ya kurudia. Kwenye HP ThinPro, mfumo endeshi wa visanduku vya HP, mipangilio ya skrini imo kwenye paneli ya udhibiti. Kwenye mifumo mingine ya Linux, andika xrandr peke yake ili kuona poti zenye monita, kisha amri kama hii, ukibadilisha majina ya poti kulingana na ulichokiona:

xrandr --output DP-1 --auto --primary --output DP-2 --auto --right-of DP-1

Kwa visanduku vya Wyse vyenye ThinOS ya zamani, mipangilio husomwa kutoka kwenye faili la wnos.ini lililo kwenye seva ya mafaili, na mabadiliko yaliyofanywa kwa mkono mezani yanaweza kufutwa na faili hilo kisanduku kinapowaka tena. Rekebisha faili lenyewe.

Panga monita kwenye mipangilio zifuate zilivyo mezani. Monita iliyo kushoto kwa macho lakini kulia kwa mipangilio humchosha mtumiaji siku nzima, kwa kuwa kipanya hugonga ukuta mahali alipotarajia mlango. Chagua monita kuu iwe ile iliyo mbele ya kibodi. Sogeza dirisha lolote kutoka monita moja hadi nyingine. Likivuka bila shida, hesabu ya kwanza na ya pili zimekamilika.

Kisha hifadhi mipangilio ipasavyo. Visanduku vya Windows huwa na kichujio cha uandishi kinachozuia mabadiliko yasifike kwenye diski, na mipangilio yote uliyoifanya hupotea ukizima na kuwasha. Kwenye matoleo yenye kichujio cha UWF, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika uwfmgr filter disable, washa upya, fanya mipangilio, andika uwfmgr filter enable, kisha washa upya tena. Usikiache kichujio kikiwa kimezimwa, kwa sababu ndicho kinacholinda kisanduku dhidi ya virusi na dhidi ya kuharibika umeme unapokatika katikati ya uandishi.

Hatua ya tano: kukijulisha kipindi cha seva

Katika Remote Desktop, programu ya Windows ya kufungulia kipindi cha seva, fungua kichupo cha mipangilio ya skrini, uweke alama kwenye maneno "Use all my monitors for the remote session", kisha uhifadhi faili la muunganisho. Njia ya amri ni mstsc /multimon. Ndani ya faili la muunganisho, mstari unaohusika ni huu:

use multimon:i:1

Kama kisanduku kina monita tatu na unataka kipindi kitumie mbili tu, andika mstsc /l kwanza ili uone namba za monita, kisha uongeze mstari wa selectedmonitors:s:0,1 kwenye faili. Monita unazozichagua lazima ziwe zimepakana. Kwa visanduku vya Linux vinavyotumia FreeRDP, amri ni xfreerdp yenye /v: na anwani ya seva, ikifuatiwa na /multimon.

Usichanganye chaguo hilo na lile la zamani la /span. Hilo la zamani hunyoosha skrini moja pana juu ya monita mbili, na jumla yake haiwezi kuzidi pikseli 4096 kwa 2048. Seva huona skrini moja tu, kwa hiyo ujumbe wa onyo hutokea katikati, nusu kushoto na nusu kulia, na dirisha ukilikuza hufunika monita zote. Uwezo wa kweli wa monita nyingi ulikuja na RDP 7 (toleo la 7 la itifaki ya Remote Desktop) kwenye Windows 7 na Windows Server 2008 R2, na unakubali hadi monita 16. Angalizo kwa wenye mashine za zamani: upande unaopokea muunganisho, Windows 7 ya Professional haina uwezo huo, ni matoleo ya Enterprise na Ultimate pekee.

Upande wa seva, msimamizi anaweza kuwa ameweka kikomo bila kukumbuka. Katika sera za kikundi (Group Policy), chini ya Remote Desktop Services, kuna sera iitwayo "Limit number of monitors". Ikiwa imewekwa 1, hakuna kebo wala adapta itakayosaidia. Kwa wanaotumia mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva) za mfumo wa Horizon, idadi ya monita huwekwa kwenye kundi la mashine, na mashine zilizopo hazina budi kuzimwa kabisa na kuwashwa ili mabadiliko yashike.

Mtumiaji ajue pia kwamba hesabu ya tatu mara nyingi hufanyika wakati wa kuunganisha tu. Akiwasha monita ya pili baada ya kipindi kufunguka na ikabaki tupu, akate muunganisho bila kufunga kazi zake, kisha aunganishe upya.

Hatua ya sita: mtandao

Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, biti 24 kwa pikseli, mipigo 60 kwa sekunde, ingehitaji karibu gigabiti 3 kwa sekunde kama ingetumwa nzima. Itifaki za kuonyesha eneokazi kwa mbali hukwepa mzigo huo kwa kukandamiza picha na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Kwa kazi za fomu, barua na majedwali, monita ya pili huongeza mzigo kidogo sana. Mzigo hupanda pale skrini inapobadilika yote mfululizo: video, ramani zinazokuzwa, au kurasa zenye matangazo yanayocheza. Ondoa picha ya mandharinyuma, punguza rangi hadi biti 16 kama seva iko mbali, na uzuie video kwenye monita ya pili kwa ofisi ambazo seva yake imekodiwa nje ya jengo. Seva ikiwa chumba cha pili, swichi ya gigabiti na kebo nzima zinatosha.

Picha isipoonekana

Tafuta mahali hesabu ilipovunjika. Monita ikisema haina mawimbi hata kisanduku kinapowaka, tatizo ni kebo, adapta au chaguo la poti kwenye menyu ya monita yenyewe; badilishana kebo za monita mbili uone kama tatizo linahama nazo. Ikiwa monita inaonyesha nembo ya kisanduku lakini inakuwa tupu kipindi kikifunguka, rudi kwenye hatua ya tano. Ikiwa ilikuwa sawa jana na leo imerudi skrini moja, angalia kichujio cha uandishi au faili la mipangilio. Herufi zikiwa na kivuli kwenye VGA, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho kwenye monita huku skrini ikiwa na dirisha jeupe lililojaa maandishi.

Lipo tatizo moja ambalo mtumiaji anaweza kulitatua mwenyewe, na afundishwe siku ya kwanza. Dirisha lililoachwa kwenye monita ya pili huweza kubaki huko hata baada ya monita hiyo kuondolewa, likawa limefunguka lakini halionekani. Alichague kwenye upau wa kazi, ashike kitufe cha Windows na Shift, kisha abonyeze mshale wa kushoto au wa kulia hadi dirisha lirudi. Lisiporudi, ashike Alt na kubonyeza kitufe cha nafasi, abonyeze herufi M, kisha atumie mishale kulisogeza na Enter kuliweka.